Kibonge Ziwani: Chombo Kipi Kinakufaa?

Likizo ya Juni imefika. Mko watatu, wote wa Mfaranyaki, na mmepanga kwenda Mbamba Bay kwa mjomba wa mmoja wenu. Kutoka Songea ni zaidi ya kilomita 150, mnapitia Mbinga, na mkianza kuteremka ile milima mnaliona Ziwa Nyasa limelala kule chini, bluu mpaka macho yanachoka. Mjomba ni mvuvi. Ameahidi kuwapeleka kuvua magege kwa mshipi.

Asubuhi mnafika ufukweni. Mtumbwi upo tayari. Mshikaji wa kwanza ana kilo 55, anaruka ndani. Wa pili ana kilo 60, naye huyooo. Sasa ni zamu yako. Wewe una kilo 105. Unaweka mguu mmoja, mtumbwi unainama, maji yanachungulia ukingoni. Watu wanaangua kicheko. "Bonge, taratibu bwana, utatuzamisha!"

Je, ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Wengi wetu tungechagua moja kati ya mawili. La kwanza ni kucheka pamoja nao, kubana pumzi, kukaa ndani na kujifanya hakuna tatizo. La pili ni kusema tumbo linauma na kurudi nyumbani. Ukichagua la kwanza unaweza kupoteza maisha. Ukichagua la pili umekosa raha ya ziwa bila sababu. Na yote mawili yameletwa na kitu kimoja: aibu.

Lipo jambo la tatu, nalo ndilo tunalotaka kuzungumza leo. Unaweza kuuliza: "Hiki chombo kinabeba kilo ngapi?"

UZITO SI KOSA, NI NAMBA

Mpenzi msomaji, hebu piga hesabu kidogo. Wale washikaji wawili waliotangulia wana kilo 115 kwa pamoja. Wamekuzidi wewe! Lakini hakuna aliyewacheka. Mtumbwi haujui nani mnene na nani mwembamba. Unachojua ni jumla ya kilo zilizomo ndani na mahali zilipokaa.

Duniani, watu wanaojua vyombo hawamlaumu mtu kwa mwili wake. Wawindaji wa Greenland, kwenye maji ya baridi kali huko kaskazini, ndio miongoni mwa watu waliobuni kayaki, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja kinachoendeshwa kwa kafi lenye ncha mbili. Kwa desturi yao kayaki haikununuliwa kama ndoo dukani. Ilipimwa kwa mwili wa mwenyewe kama fundi anavyopima suti. Urefu wake ulikuwa kama mara tatu ya mikono iliyonyooshwa huku na huku. Upana wa pale pa kukaa ulikuwa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Mwenye nyonga pana alitengenezewa chombo kipana. Basi! Hapakuwa na cha kucheka.

Sisi huku tunafanya kinyume. Tunachukua mtumbwi wowote uliopo, halafu tunataka mtu abadilike aufae mtumbwi. Hapo ndipo tunapokosea.

KWA NINI CHOMBO KINAELEA?

Kumbuka somo la Fizikia, Kanuni ya Archimedes. Chombo kinaelea kwa sababu kinasukuma maji pembeni. Uzito wa maji yaliyosukumwa ni sawa na uzito wa chombo pamoja na vyote vilivyomo. Ukiongeza kilo 20 ndani, chombo kinazama kidogo zaidi mpaka kimesukuma kilo 20 nyingine za maji. Maji ya Ziwa Nyasa ni baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo lita moja ni kilo moja. Ile ndoo kubwa ya lita 20 mnayochotea maji nyumbani ikijaa ni kilo 20. Mtu wa kilo 100 ni sawa na ndoo tano. Au kama mahindi ndiyo unayoyajua zaidi, ni gunia moja la kilo 100.

Sasa swali la maana ni hili: ukiingia wewe, chombo kinazama sentimita ngapi? Hesabu yake haihitaji profesa.

1. Pima urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa mita.
2. Pima upana wake katikati, pale pale maji yanapogusa.
3. Zidisha urefu kwa upana.
4. Zidisha jibu kwa 0.7, kwa sababu mtumbwi umechongoka mbele na nyuma, si boksi.
5. Zidisha kwa 10. Hizo ndizo kilo zinazokizamisha chombo kwa sentimita moja.

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kukufumbua macho. Tuchukue mitumbwi miwili. Wa kwanza una urefu wa mita 3 na upana wa nusu mita. Hesabu inatoa kilo 10 na ushee kwa kila sentimita. Wa pili una urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 60. Huo unatoa kilo 21 kwa kila sentimita.

Tuseme yote miwili ikiwa mitupu ina ukingo wa sentimita 25 juu ya maji, na mizigo (nyavu, chambo, kopo, samaki) ni kilo 30.

Mtu wa kilo 60 akiingia mtumbwi mdogo, mwili wake unakula sentimita 6 na mizigo sentimita 3. Zinabaki 16.

Mtu wa kilo 105 akiingia mtumbwi huo huo, mwili unakula 10 na mizigo 3. Zinabaki 12 tu.

Mtu wa kilo 105 akiingia mtumbwi mkubwa, mwili unakula 5, mizigo moja na nusu. Zinabaki zaidi ya 18!

Umeona? Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni chombo. Kwenye maji yaliyotulia, ukingo usipungue sentimita 15 juu ya maji mkishakaa wote na mizigo yote imo. Pima mahali palipo chini kuliko pengine pote, usipime pale mbele palipoinuka. Kama hakuna rula tumia shibiri yako, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukitanua kiganja. Kwa vijana wengi ni kama sentimita 20. Hicho ni kipimo kizuri zaidi, maana kinakuachia akiba ya mawimbi.

Na turudi kwa wale wa Mfaranyaki. Kilo 55, 60 na 105 ni kilo 220 bila mjomba. Hata ule mtumbwi wa mita 5 ungezama sentimita 10 na nusu, ukabakiwa na 14 na nusu kabla hata ya kupakia chambo. Kwa hiyo kosa halikuwa la Bonge. Kosa ni kutaka kupanda wote kwa mkupuo. Mjomba wa kilo 65 na Bonge wa kilo 105, na mizigo ya kilo 10, ni kilo 180. Wanazama kama sentimita 9, zinabaki 16. Wanakwenda, wanarudi, halafu wale wawili wanapata zamu yao. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyezama.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Kuelea peke yake hakutoshi. Gogo la mviringo linaelea vizuri sana, lakini jaribu kulikalia! Kabla hujapanda, angalia haya.

Upana. Huu ndio rafiki mkubwa wa mtu mzito. Nguvu ya umbo la chombo kukataa kupinduka inaongezeka haraka kuliko upana wenyewe. Vyombo viwili vya urefu sawa na umbo moja, kimoja kikiwa na upana mara mbili ya kingine, nguvu hiyo inakuwa mara nane. Kwa hiyo hata kiganja kimoja cha upana zaidi unakihisi mara tu ukikaa.

Tumbo la chombo. Mtumbwi wenye tumbo la mviringo hubingirika kirahisi. Wenye tumbo lililolala kidogo hutulia zaidi kwenye maji shwari. Mwanafunzi wa kafi atafute uliolala.

Mdomo. Mitumbwi mingine ya ziwa hili imechongwa ikiwa na mdomo mwembamba sana, hata mpigaji kafi hakai ndani, anakaa juu ya kingo miguu ikiwa ndani. Wenyeji wamezoea tangu utotoni. Wewe uliyetoka Songea hujazoea. Ukikaa juu uzito wako wote uko juu, na chombo kinapinduka kwa kuyumba kidogo tu. Kama nyonga zako haziingii, huo si mtumbwi wako. Tafuta mwingine, usilazimishe.

Pa kukalia. Kaa chini kadiri unavyoweza. Ubao wa kukalia uwe imara, usiwe umeegeshwa tu. Kama ni kigoda kirefu, kitoe. Na usisimame kuvuta samaki, hata kama mjomba anasimama.

Uzima wa chombo. Angalia nyufa na viraka. Mtumbwi wa gogo uliokaa majini muda mrefu hunywa maji ukawa mzito, na chombo kizito kinakaa chini hata kabla hujapanda. Maji yaliyotuama ndani nayo ni mzigo. Sentimita chache za maji zinaweza kuwa kilo nyingi, tena zinakimbilia upande ule chombo kinakoinamia. Yachoteni kabla ya kuondoka.

KAMA NI KAYAKI YA PLASTIKI

Siku hizi kwenye baadhi ya hoteli za ufukweni utakuta kayaki za plastiki, zingine zimetengenezwa maalumu kwa uvuvi, zina matundu ya kuchomekea fimbo ya ndoano na sehemu ya kuweka samaki. Nyingi zimebandikwa kibandiko kinachotaja uzito wa juu. Hapa watu wengi huchemsha. Ile namba si ya mwili wako peke yake. Ni ya mwili, nguo, jaketi, chakula, ndoano, samaki na kila kitu.

Tena ile namba ni mwisho kabisa. Ukiifikia, chombo kinaelea lakini ni kizito kukata maji na kinayumba. Wazoefu wengi hushauri usivuke kama theluthi mbili zake. Kwa hiyo fanya hivi: jumlisha kilo zako na mizigo, gawanya kwa 2, zidisha kwa 3. Kilo 105 na mizigo 15 ni 120. Gawanya kwa 2 ni 60, mara 3 ni 180. Tafuta kayaki iliyoandikwa kilo 180 au zaidi.

Zile kayaki za kukaa juu zina vitundu vya kutolea maji sakafuni. Ukikaa ukaona maji yanapanda kupitia vitundu hivyo mpaka makalio yanalowa, chombo kinakwambia lugha nyepesi: mimi si saizi yako.

JARIBU KWANZA PENYE MAJI YA KIUNO

Ziwa Nyasa si bwawa la kuchezea. Penye kina kirefu kabisa ni takriban mita 700, na pengine pembeni pa miamba unaondoka kwenye maji ya magoti ghafla hugusi chini. Jaribio lifanyike mahali penye mchanga, maji ya kiuno, na mtu mzima anayejua kuogelea akiwa kando.

Ingia ukiwa umeinama, mikono yote miwili ikishika kingo, weka mguu katikati ya chombo na si pembeni. Kaa. Angalia ukingo. Yumba kulia na kushoto polepole. Angalia kama chombo kimelala sawa mbele na nyuma. Kama omo imenyanyuka juu umekaa nyuma mno, sogea katikati. Mkiwa wawili, mzito akae karibu na katikati.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: pinduka kwa makusudi! Jaribu kurudi ndani. Mtu mwenye mwili mkubwa mara nyingi hupata tabu kujivuta juu, na ni heri uligundue hilo kwenye maji ya kiuno. Kama huwezi, jua kwamba ukipinduka kweli kazi yako ni moja: kung'ang'ania chombo. Mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji kwa kawaida unaelea. Usiuache ukaogelea kwenda nchi kavu, maana ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo. Shika chombo, piga kelele, subiri msaada.

JAKETI LA KUJIOKOLEA

"Hakuna jaketi linalonitosha." Vibonge wengi husema hivyo, halafu wanakwenda bila jaketi. Hapana! Sikiliza siri hii. Mafuta ya mwilini ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo mtu mnene mara nyingi huelea kirahisi kuliko mwembamba, na hahitaji jaketi lenye nguvu ya ajabu. Anachohitaji ni jaketi linalofunga. Jaketi la mtu mzima huchaguliwa kwa mzunguko wa kifua kuliko kilo. Vaa, funga mikanda yote, kisha mwenzako ashike mabegani alivute juu. Likipanda mpaka masikioni, halikufai. Lililoachwa wazi kifuani litakuvuka ukianguka.

Lakini usije ukasema, "Kumbe mimi naelea, jaketi la nini?" Kuelea si kuogelea. Mtu anayehema kwa hofu huku wimbi linampiga usoni anameza maji, awe mnene au mwembamba.

WASHIKAJI, ACHENI MZAHA HUU

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Na sisi Watanzania tunajua uchungu wa vyombo vilivyojazwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha mv Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Mtumbwi ni mdogo, lakini kanuni ni ile ile.

Sasa fikiria: ukimcheka mwenzako kwa kilo zake, kesho atazificha. Mjomba akiuliza, "Una kilo ngapi?" atasema 80. Mjomba atapanga chombo kwa 80. Zile 25 zilizofichwa zitakuwa ndani ya chombo hata kama hazikutajwa. Mzaha wako umezipakia.

Na wewe kibonge, iwe kaka au dada, jifunze kusema bila kuinamisha kichwa:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mjomba, mimi nina kilo 105, na sijui kuogelea vizuri. Huu mtumbwi utatufaa wawili, au tutafute mpana zaidi?"

Ni sentensi mbili tu. Mvuvi wa kweli hatakucheka. Atashukuru, kwa sababu yeye naye yumo ndani ya chombo hicho hicho. Kama hujui kilo zako, pima kabla ya safari. Kituo cha afya wana mizani. Hata wanunuzi wa mahindi wana mizani ya kupimia magunia, ukiomba vizuri utapimwa. Na kama mwenye chombo anasema "panda tu, Mungu yupo," shukuru na ubaki ufukweni. Mungu yupo, na akili amekupa. Kwenye mialo mingi kuna viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Waulize ni nani ana chombo kizuri.

MNATUULIZA

Juni ni mwezi mzuri kwenda?
Uangalifu unahitajika. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao watu wa ziwa huuita mwera. Unanyanyua mawimbi makubwa. Zile sentimita 15 zako ni za maji tulivu, si za mwera. Wenyeji wakisema leo hapana, ni hapana. Likizo ya Desemba nayo ina mvua na radi, ukiona wingu jeusi rudi nchi kavu.

Naweza kwenda na wavuvi wa dagaa usiku?
Kama ndiyo mara yako ya kwanza kukaa kwenye mtumbwi, usiende. Gizani hata kuona ukingo umebakiza kiasi gani ni kazi. Anza mchana, karibu na nchi kavu.

Je, nipunguze mwili kwanza ndipo niende ziwani?
Mambo ya uzito na afya zungumza na mganga, kwa wakati wake. Kupiga kafi lenyewe ni mazoezi mazuri. Ziwa halisubiri uwe mwembamba. Linataka uwe na chombo kinachokufaa leo.

JIPIME

Umekuta mtumbwi wa urefu wa mita 4, upana nusu mita, ukingo wake mtupu ni sentimita 22 juu ya maji. Wewe una kilo 98, mizigo ni kilo 28. Utapanda?

Jibu: 4 mara 0.5 ni 2. Mara 0.7 ni 1.4. Mara 10 ni kilo 14 kwa kila sentimita. Mwili wako unakula sentimita 7, mizigo 2. Zinabaki 13. Hapana, hupandi! Hata ukiacha mizigo yote nchi kavu, zinabaki 15, uko kwenye mpaka kabisa, na samaki bado hujamvua. Tafuta chombo kingine, tena bila aibu.

Wikiendi hii chukueni kamba na rula, mchore mtumbwi kwenye kiwanja cha shule, mpige hesabu kwa kilo za kila mmoja wenu. Halafu mtuandikie mlichogundua. Safari njema, na mtuletee magege!